Kupanga mwaka wa chama cha historia na mambo ya kale: mihadhara, ziara na kalenda ya pwani

Ukitaka kujua kama chama cha historia kitaumaliza mwaka, omba uone ratiba yake. Wapenzi wa mambo ya kale hawakosekani, iwe Dar es Salaam, Bagamoyo au Tanga. Mkutano wa kwanza hujaa, watu huchanga, kundi la WhatsApp hufunguliwa. Kisha miezi miwili inapita bila jambo lolote, na kundi linageuka kuwa la salamu za asubuhi na matangazo ya viwanja. Mwongozo huu ni wa katibu au mwenyekiti wa chama cha aina hiyo, hasa aliye Dar es Salaam na jirani zake, maana ndiko mifano yangu inakotoka. Aliye Mombasa au Lamu atabadilisha majina ya magofu tu. Pepo na bamvua ni zile zile.

Kanuni inayobeba yote yanayofuata ni moja: kila ziara itanguliwe na mhadhara wake. Mpeleke mtu Kaole, magofu ya karibu na Bagamoyo, bila kumwandaa, ataona kuta za matumbawe na mbuyu, atapiga picha mbili tatu, halafu atauliza chakula ni saa ngapi. Mtu huyo huyo, akiwa wiki moja kabla ameelezwa makaburi ya nguzo ni nini na kwa nini yako pwani hii, atasimama mbele ya kaburi moja mpaka umwite.

Hatua ya 1: Mtaje msajili mapema

Hili halina utamu, tulimalize. Chama kinachokusanya ada na kuandika barua za maombi kinahitaji katiba na usajili. Tanzania Bara, jumuiya husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kama bado mko wachache, anzeni chini ya mwavuli wa taasisi iliyopo, mathalani makumbusho, maktaba au shule yenye klabu ya historia. Barua yenye nembo ya taasisi hufungua milango ambayo barua yako binafsi itaisubiri sana.

Hatua ya 2: Weka kalenda kabla ya mada

Kosa la kamati nyingi ni kuanza na orodha ya mada nzuri, ndipo zitafutiwe tarehe. Fanyeni kinyume. Chukueni karatasi kubwa yenye miezi 12, mfute kwanza siku zisizofaa.

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, futa safari zote za magofu. Njia za ndani zinakuwa tope, nyasi zinafika kiunoni, na hakuna mzee atakayekaa kivulini kukusimulia mvua ikimpiga. Vuli, Oktoba mpaka Desemba, ni ya kubahatisha. Weka ziara za nusu siku za karibu, zinazoweza kuahirishwa bila hasara.

Ramadhani huja mapema zaidi kwa takribani siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana usiinakili. Miaka hii inaangukia mwanzoni mwa mwaka. Ziara ya mchana yenye chakula usiiweke mwezi huo hata kama nusu ya wanachama hawafungi. Maeneo mengi mnayokwenda ni vijiji vya Waislamu, na wenyeji wenu ndio watakaokuwa wamefunga. Mhadhara mfupi wa jioni unawezekana, ukiisha mapema watu wawahi kufuturu.

Kisha bahari. Ziara yoyote inayovuka maji hupangwa kwa jedwali la maji kujaa na kupwa, na jedwali hilo lipo la mwaka mzima. Maji hujaa mara mbili kwa siku na saa zake husogea kama dakika 50 kila siku, hivyo Jumamosi hii ikiwa nzuri, Jumamosi ijayo huenda ikawa mbaya kabisa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji yanakwenda mbali sana yakipwa, na mashua inabaki juu ya mchanga ikiwasubiri nyinyi au nyinyi mkiisubiri. Muulize nahodha wa hapo hapo. Anajua kuliko simu yako.

Kilichobaki kwenye karatasi baada ya kufuta ndicho mwaka wenu, na utashangaa jinsi kilivyo kidogo.

Hatua ya 3: Panga mihadhara na ziara kwa jozi

Kwa Dar es Salaam, mpangilio unaofanya kazi ni kama huu.

Januari, mkutano mkuu na mhadhara juu ya mji wenyewe: jinsi Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alivyoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, na jinsi Wajerumani walivyohamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Wiki inayofuata, matembezi ya mjini kwa miguu. Kaskazi ina joto, kwa hiyo anzeni saa moja asubuhi kwenye Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927. Waambie watu wasome maandishi yaliyo chini yake, yakiwemo ya Kiswahili. Wengi wamepita pale miaka yote kwenye foleni bila kujua yapo, wala kwamba kabla ya askari yule pale palisimama sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann. Toka hapo shuka Azania Front, pita Kanisa la Mtakatifu Yosefu, malizia Boma la Kale, jengo la siku za Majid. Matembezi haya hayahitaji basi, yanafaa sana kumvuta mwanachama mpya.

Aprili na Mei, ndani. Mei 18 ni Siku ya Makumbusho Duniani, nafasi nzuri ya kuomba Makumbusho ya Taifa wawatembeze. Mwezi huo huo wekeni siku ya picha za zamani: kila mwanachama alete picha za familia, zipigwe nakala kwa simu nzuri palepale mezani, na mwenyewe aondoke nazo siku hiyo hiyo. Usikubali kubaki na picha ya mtu hata usiku mmoja. Kwa kila nakala andikeni majina, mahali, na nani aliyesema. Bibi akikuambia "huyu ni kaka yake babu yako, alikuwa kuli bandarini", hiyo ni historia ya Dar es Salaam ambayo haipo kwenye faili lolote.

Juni mpaka Agosti, kipupwe, ndio moyo wa mwaka. Juni Bagamoyo na Kaole. Julai au Agosti Kilwa, mkitumia Saba Saba au Nane Nane ikiangukia karibu na mwisho wa wiki. Septemba Kunduchi, nusu siku, pamoja na wanafunzi wa shule moja ya jirani. Novemba mhadhara wa masimulizi ya wazee. Desemba pumzikeni.

Ziara nne na mihadhara sita kwa mwaka ni kazi tosha. Kamati iliyo na pupa ya jambo kila wiki mbili itachoka mwezi wa nne.

Hatua ya 4: Mpate mzungumzaji, na umbane kwa upole

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu miaka ya 1980, na wahitimu wake wametapakaa katika makumbusho, halmashauri na hifadhi. Mwandikie mmoja miezi mitatu kabla. Usimwombe "aje azungumze juu ya historia yetu". Mwombe jambo moja lenye mpaka. Badala ya "historia ya pwani", omba "watu wa Kilwa walichimba maji wapi, walijenga kwa vifaa gani, walikula nini".

Mwombe azungumze Kiswahili. Wasomi wetu wengi wamezoea kuyasema haya mambo kwa Kiingereza, na kwa dakika tano za kwanza atajikwaa. Mwache ajikwae. Akishasema "vigae", "tabaka la udongo" na "shanga" mbele ya mvuvi mstaafu aliyekaa mstari wa mbele, mhadhara unabadilika, maana mvuvi naye ana la kusema juu ya vigae anavyoviona ufukweni maji yakipwa.

Usiwaite wasomi peke yao. Fundi wa majahazi, mchoma chokaa, maalim wa chuo cha kijijini mwenye kumbukumbu ya nasaba, hao ni wazungumzaji kamili. Mzee hapewi kipaza sauti akaachwa. Mkalishe na mtu anayemjua, awe anamuuliza. Nauli mpelekee kabla, si baada, na apokelewe na kijana wa kumsindikiza kwenda na kurudi. Ahsante ya mdomo peke yake kwa mtu aliyetoka Mbagala kwa daladala mbili ni aibu kwa chama.

Mada moja itawasha moto tu, nayo ni asili ya Waswahili. Tarekhe ya Kilwa, masimulizi ya kale ya mji huo, inamtaja Ali bin al-Hasan aliyetoka Shiraz na kukinunua kisiwa kwa nguo. Wanaakiolojia, kwa upande wao, wanaonyesha miji hii ikikua kutoka vijiji vya wakulima, wavuvi na wafua chuma wa hapa hapa, na Profesa Felix Chami ametumia miaka mingi kufuatilia makazi hayo ya kale Rufiji na visiwani. Halafu mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi: kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, zaidi kwa wanaume wa Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Kila upande ukumbini utatoka ukisema umeshinda. Msiikwepe mada hii. Iwekeni Juni, kabla ya Kilwa, mpeni uenyekiti mtu anayeweza kumkatiza mzee bila kumvunjia heshima, na tangazeni mapema kwamba swali ni dakika moja.

Hatua ya 5: Siku ya mhadhara

Jumamosi baada ya alasiri ni wakati mzuri. Dakika 40 za mazungumzo, 30 za maswali, kisha chai na vitumbua. Chai isitangulie. Umeme ukikatika projekta haifai kitu, basi mwambie mzungumzaji awe na vitu vitatu vya kushikika au picha zilizochapwa ukubwa wa kuonekana nyuma. Mlangoni pawe na daftari la majina na namba za simu. Hilo ndilo litakalowaambia nani wa kumwalika kwenye ziara.

Kuna yule atakayesimama kuuliza na badala yake akatoa mhadhara wake. Yupo kila mahali. Mwenyekiti aseme, "Mzee wangu, hilo ni kubwa, tukuwekee siku yako," na kweli amwekee.

Hatua ya 6: Tangulieni kukagua

Wiki mbili au tatu kabla ya ziara, watu wawili waende wenyewe. Wapime muda wa njia, waone choo kipo na kina maji, waone kivuli cha kulia chakula. Waulize eneo liko chini ya nani, maana siku hizi vituo vya mambo ya kale vimegawanywa: Kilwa, kwa mfano, inasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na vituo vingine viko kwa mamlaka nyingine za uhifadhi. Kiingilio mara nyingi hulipwa kwa kontroli namba, siyo fedha mkononi, na mwananchi halipi sawa na mgeni wa nje. Chukueni bei kwa maandishi na wakumbusheni wanachama kubeba vitambulisho.

Kisha ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa. Hodi, shikamoo, mjitambulishe, mwache barua. Makaburi mnayoyaita magofu, kwa wenyeji bado ni makaburi. Kaole watu huenda kuomba dua na kuacha sadaka, na wenye eneo watawaambia wapi pa kuvua viatu na wapi si pa kupiga picha za kujiachia. Ulizeni hayo siku hiyo ya ukaguzi, siyo siku mmefika na watu 30.

Hatua ya 7: Hesabu ya basi

Jumlisha kukodi basi, mafuta kama hayamo, viingilio, mwongoza wageni wa kituo, chakula, na posho ya dereva. Usigawe kwa idadi ya viti. Kosta yenye viti 28, gawa kwa 20. Wakija zaidi, ziada inaingia mfuko wa chama na kulipia mwanafunzi au mzee asiye na uwezo. Malipo kwa lipa namba ya chama, yafungwe siku tano kabla. Aliyesema "niwekee nafasi nitalipa asubuhi" hana nafasi. Mweka hazina atume hesabu kwenye kundi ndani ya wiki moja baada ya safari, risiti zikiwa zimepigwa picha. Hakuna kinachoua chama haraka kama minong'ono ya pesa ya chakula.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Dar mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anzeni Kaole kabla jua halijachoma, mjini mje baadaye, ambako kuna kivuli na chakula.

Wagawie karatasi yenye maswali matatu yanayojibika kwa macho tu. Kwa Kaole: Bahari ilikuwa wapi zamani, na sasa mikoko imefika wapi? Msikiti huu ulijengwa mara moja au uliongezwa? Watu walipata wapi maji? Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa mwaka 1958, na kituo kina makumbusho madogo yenye vyombo vilivyopatikana. Waingizeni huko mwisho, wakiwa tayari wana majibu yao wenyewe.

Bagamoyo mjini chagueni vitu viwili vitatu, mji una mengi kuliko siku moja. Misheni ya mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Habari za misafara na utumwa zisisemwe kwa haraka mkiwa mnatembea. Kaeni chini.

Kunduchi ni somo la kutazama kitu kimoja kwa makini. Makaburi yake mengi ni ya karne ya 18, na mafundi walipachika bakuli za kauri kutoka Uchina kwenye nguzo. Peleka watu karibu, mtu mmoja mmoja. Wataona vishimo vya duara kwenye chokaa, kina cha vidole viwili hivi, mahali bakuli zilipokuwa zimekaa kabla ya kung'olewa. Ukipitisha macho ukingoni mwa kishimo utaona chokaa ilivyofuata umbo la chombo. Hapo ndipo kanuni ya kutookota kitu inaeleweka bila hotuba.

Nayo kanuni ni hii, isomwe ndani ya basi kabla hamjashuka: hakuna kuokota, kuchimba, kuchokonoa ukuta, wala kupanda juu yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali, na kigae kilichotoka mahali pake kimepoteza sehemu kubwa ya habari zake, hata ukikiweka kabatini kwa mapenzi. Mtoto akikuta ushanga au sarafu, apongezwe, kitu kibaki kilipo, kipigwe picha pamoja na kalamu ili ukubwa uonekane, mahali paandikwe, na mlinzi wa kituo aitwe. Mahali pasipo na mlinzi, taarifa iende kwa Afisa Utamaduni wa wilaya. Picha ya mahali pasipolindwa isirushwe mitandaoni ikiwa na ramani. Wawindaji wa "mali za Mjerumani" nao wana simu. Droni acheni nyumbani, zina vibali vyake.

Hatua ya 9: Kilwa, kwa walio tayari

Kilwa msiipange mwaka wa kwanza. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar, mnalala usiku mbili, na kuna bahari. Kusi ya Julai huchafua maji kuanzia asubuhi ikikomaa, hivyo kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, kuwe mapema, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, na nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Songo Mnara ni mbali zaidi na mara nyingi hushuki bila kulowa miguu. Wazee waambiwe kabla.

Mhadhara wa kutangulia ubebe mizigo mitatu tu. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Jumba lake la Husuni Kubwa lilikuwa na vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane ukingoni mwa mwamba. Wareno waliushambulia mji mwaka 1505. Mengine yasemwe mkiwa mmesimama ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba, sauti ikirudi. Magofu haya na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na kwa miaka kumi, 2004 mpaka 2014, yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Waonyesheni wanachama kwa nini: ulizeni mwongozaji awapeleke mahali bahari inapokula ukingo, na mahali mizizi imeingia ukutani.

Ununuzi wa chakula, samaki na madafu ufanyike kisiwani na si kutoka kwenye boksi la barafu mlilobeba kutoka Dar. Wenyeji wakiona faida ya wageni wa magofu, magofu yanapata walinzi wengi.

Hatua ya 10: Wiki inayofuata

Katibu aandike ukurasa mmoja: tulikwenda wapi, nani alisema nini, nini kimeharibika tangu mwaka jana. Nakala moja ibaki kwenye jalada la chama, moja iende kwa msimamizi wa kituo, moja kwa ofisi ya kijiji pamoja na picha mlizowapiga wazee, zikiwa zimechapwa. Ufa uliopigwa picha kutoka pembe ile ile kila Juni una thamani kwa wahifadhi, basi andikeni pia wapigaji picha walisimama wapi.

Kisha mpigieni mwenye Kosta mumwekee nafasi ya Juni ijayo, kabla wenye harusi hawajaizoa miezi yote ya kipupwe.